Ua la Kofia Kwenye Shela

Wajukuu wangu hapa Hail, nje kidogo ya Maskati, wakiniuliza kwa nini sipendi kutazama harusi kwenye televisheni, huwaambia macho yananiuma. Uongo mtupu. Macho yangu mazima, alhamdulillahi, natia uzi kwenye sindano bila miwani. Ila nikiona shela tu, hata hilo la dukani la mashine, naanza kulihesabu vitundu, na nikishaanza naishia kwenye lile jengine, la mwaka wa sitini na saba, na hapo siku yangu imekwisha. Miaka yote hii nimelizungusha kichwani na kuna mambo bado hayajanikalia sawa. Nayasema kama nnavyoyakumbuka. Atakayeelewa zaidi yangu anieleze.

Tulifika Maskati mie na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, mwaka wa sitini na tano, uliofuata ule wa mambo ya Unguja. Ruhusa ya kushuka ilitoka ya wanawake wawili tu. Mume wangu, aliyekwisha kutangulia Mombasa, akabaki huko huko. Kwa nini sisi tupewe na yeye anyimwe, hakuna aliyetwambia, wala hatukujua wa kumuuliza. Unguja tulikuwa tukiitwa Waarabu. Kufika Maskati, watoto wa mtaani wakawa wanatupigia kelele, "Zinjibari! Zinjibari!" Mie nikawa sijui nigeuke au nisigeuke. Ndoa yangu yenyewe ilikuwa changa, masufuria ya harusi hayajapata hata masizi.

Tukapata chumba Mutrah, pwani pembeni ya mji wa Maskati, nyuma ya soko, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akisuka sim, ule utepe wa nyuzi za fedha wanaoutia kwenye suruali za kike. Yeye Kiswahili hajui, sisi Kiarabu chetu cha msahafuni, basi tukawa tunazungumza kwa mikono na kucheka. Na sisi tukashika kazi tuliyoijua, kofia za mkono. Mavyaa anachora maua, mie natoboa vitundu na kuvizungushia uzi, kisha yeye anaunga. Wanaume wa Maskati walizipenda, na chakula kikapatikana.

Kwenye nyumba yetu kulikuwa na sharti moja. Mke humshonea mumewe kofia kwa mkono wake, na ua la kofia ile haliwekwi kwenye kofia ya mtu mwengine. Za kuuza zina maua yao. Mie nilimshonea wangu wakati wa uchumba, ua nililolitunga mwenyewe: kitundu kimoja katikati, vinane vinakizunguka, na vikonyo viwili vinapishana chini yake. Alipanda nayo meli kwenda Mombasa, iko kichwani. Ndiyo niliyoitazama mpaka sikuiona tena.

Basi siku moja asubuhi akaja mama mtu mzima, kajifunika gubigubi, mtumishi wa nyumba moja ya ukoo wa kifalme kule mjini Maskati. Kiswahili alikirithi kwa wazee wake, nusu Kiarabu nusu cha zamani. Akakaa, akanywa kahawa, akasema, "Binti wa nyumba anaolewa. Anataka shela la lesi, kazi ya mkono, kama yale ya mabibi harusi wa Unguja. Nimeambiwa nyie mnajua."

Mavyaa hakumwachia hata ateremshe kikombe. "Tunajua. Wala hatutaki malipo," akasema. "Tunataka mwanangu apewe ruhusa ya kushuka. Yuko Mombasa, mke wake ndiye huyu. Neno hilo utalifikisha?"

Yule mama akanitazama, akamtazama mavyaa. "Nitalifikisha," akasema.

Lo! Furaha gani ile! Tangu pale chumba kikawa kingine. Mavyaa akaanza kupanga mwanawe atalala upande gani. Mie nikajiona mjinga kwa kutabasamu peke yangu. Kila kitundu nitakachotoboa kitamsogeza, nilijiambia hivyo, na nikaamini.

Tukachukua melimeli nyeupe, nyepesi, kwa Banyani wa sokoni. Yule mama akatuletea kipimo, uzi wa pamba wenye fundo. "Utosini mpaka kisiginoni," akasema. Tukakata, tukaanza. Haukupita muda akarudi na uzi mwengine, mfupi kuliko ule wa kwanza kwa shibiri nzima. "Kipimo ni hiki," akasema. Tukapunguza. Akarudi tena na uzi wa tatu, mrefu kuliko yote.

"Jamani," nikamwambia mavyaa, "bibi harusi gani huyu anayerefuka na kufupika?"

"Shona," akaniambia. "Kwani wewe unamtaka bibi harusi au unamtaka mumeo?"

Nikashona. Lakini nilikuwa nimevurugika. Siku moja anakuja anasema rangi iwe nyeupe kama ilivyo. Siku nyengine anasema hapana, kijani, bibi harusi wa huku huvaa kijani. Nikimwuliza, "Nani kasema, binti mwenyewe au mamake?" ananijibu, "Wamesema." Wamesema nani? Nilitamani kumtikisa. Na kila akija mavyaa humwuliza, "Neno letu umelifikisha?" Naye hujibu, "Inshallah kheri." Jibu gani hilo? Mavyaa alilisikia ndiyo, mie nililisikia sijui, na tulikuwa tumekaa kwenye mkeka mmoja.

Kisha ikaja siku ya kizaazaa. Nusu ya shela ilikuwa tayari. Yule mama akalishika, akalinyanyua mbele ya dirisha, akapiga ukelele. "Haa! Linaonesha! Nnakuona mpaka kope!"

"Ndiyo shela lenyewe," mavyaa akasema.

"Huku bibi harusi hufunikwa hata pua haionekani! Nyie mmemtia matundu! Nitaingia nalo wapi hili?"

"Matundu ndiyo kazi, bibi wee!" mavyaa akapandisha sauti. "Kama hutaki matundu kanunue shuka!"

Mie nikaanza kulia. Sikulilia shela. Nilimwona mume wangu anarudi nyuma, anapotelea kule kule, kwa sababu sisi hatukujua hata bibi harusi wa kwao wenyewe wanamfunika vipi. Unguja tulikuwa tukimfunika ili aonekane. Maskati wanamfunika asionekane. Hapo ndipo tulipokosea, na nani angekosea hivyo ila sisi?

Aliyetuokoa ni mwenye nyumba, yule mjane. Alisikia kelele, akaja, akatazama, akaondoka. Akarudi na kipande cha hariri ya kijani kutoka sandukuni mwake. Akakitandaza sakafuni, akalichukua shela mikononi mwa yule mama, akaliweka juu yake. Maua yote yakatoka. Kijani kikawa kinachungulia kwenye kila kitundu, na uso wa mtu huwezi kuuona hata umweke juani. Akagusa ukingo, kisha akajigusa kifuani, maana yake utepe wa fedha wa pembeni atausuka yeye. Yule mama akakaa chini tena, akaomba kahawa.

Likabaki ua moja, la utosini, lile kubwa la katikati. Yule mama akasema liwe ua ambalo Maskati nzima hakuna aliyepata kulivaa. Tukamwonesha maua yetu yote. Hili lipo kwenye kofia ya fulani, hili nimeliona msikitini, hili la mvuvi wa Sidab. Yakaisha. Mavyaa akanitazama, nami nikayakwepa macho yake, kwa sababu sote wawili tulijua ni ua gani lililobaki.

Alipoondoka yule mama, mavyaa akasema polepole, "Ua la kichwa cha mwanangu, ukamvishe mwanamke?"

"Mie sijasema kitu, mama."

Akachukua penseli ya kuchorea, akanipa, jambo asilolifanya hata siku moja. "Lichore," akasema. "Kama ndilo litakalomleta, litie."

Nikalichora, nikalitoboa, nikalizungushia uzi. Sijui nilikuwa nafanya jambo jema au jambo baya. Mkono ulikuwa ukienda wenyewe na moyo ukiuliza.

Siku ya kumvisha bibi harusi tukaitwa, mie na mavyaa, tukaingizwa kwa mlango wa nyuma kwenye ua wa wanawake. Kulikuwa na udi, joto, wanawake wengi, na kila mmoja ananipangia pa kusimama. Mwisho nikajikuta chumbani mbele ya msichana aliyekaa kwenye godoro, mikono ina hina mpaka kwenye kiwiko, mwembamba, analegea kwa usingizi. Nilikuwa nimejitayarishia malkia. Nikaona mtoto wa watu mwenye kiu. Nikamtia shela, na lilikuwa refu mno, likamwagika mpaka kwenye zulia. Hapo ndipo nilipoelewa zile nyuzi za kipimo. Yule mama hakuwahi kumpima mtu. Nani angethubutu kumwambia binti wa nyumba ile simama nikupime? Alijipima mwenyewe, kisha sijui mpwa wake, kisha akaona liwe refu kwa usalama.

Nilipoinama kulikunja pindo, bibi harusi akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kulelewa na yaya, "Ua hili la juu zuri. La nini?"

Mavyaa alikuwa mlangoni, mbali. Nikasema kweli. "La kofia ya mume wangu, bibi."

"Yuko wapi?"

"Mombasa. Hana ruhusa ya kuja. Ndiyo tuliyoiomba, kwa shela hili."

Akanyanyua shela, akanitazama, kisha akamtazama yule mama mtumishi. "Mbona mie sikuambiwa?"

Yule mama akatazama zulia. Wallahi, damu yangu ilichemka! Miezi yote ile ya "Inshallah kheri," na neno letu halikupata kutoka mdomoni mwake! Nilitaka kumrukia pale pale mbele ya watu. Bibi harusi akalishusha shela, kijani kikamfunika, na sikumwona tena maisha yangu.

Tulipotoka nikamshika yule mama mkono. "Kwa nini?"

"Nyie wageni," akasema, jicho liko mlangoni. "Mnadhani mle ndani mtu husema tu? Nilikuwa nangoja siku nzuri. Na siku nzuri haikuja." Akauvuta mkono wake. Nikawa sijui nimchukie au nimwonee huruma, na mpaka leo nagawa nusu kwa nusu.

Ruhusa ikaja. Bila maelezo, kama ilivyokuja ya kwetu. Kama ni yule binti, au ilikuwa njiani siku zote, sijui, na hakuna aliyenambia. Mwaka wa sitini na nane mume wangu akashuka Mutrah, pale wanaposhukia sasa watalii wa meli kubwa, siku hizo hakuna bandari, mtu anateremshwa melini kwa mashua na kubebwa mpaka mchangani. Nilimjua kwa mwendo kabla sijaona uso. Akakaribia. Nikamtazama kichwani.

Kofia mpya. Ua langu. Lakini mkono si wangu.

Mie hukaza uzi, kitundu changu kidogo na kigumu kama jicho la kuku. Vile vilikuwa vipana, laini, vya mtu mwenye subira. Hata salamu sikuimaliza. "Kofia hiyo kakushonea nani?"

Mavyaa akanifinya paja. "Mwache mtu apumue!"

"Ile yako ililiwa na jasho," akasema, anacheka. "Nikampa fundi mmoja kule ainakili. Sikutaka ua jengine kichwani mwangu."

Nilifurahi, na nikaona wivu, yote mawili kwa pumzi moja. Tena mie mwenyewe nilikwisha kulitoa ua lile likavaliwa na mtoto wa kifalme. Ningemlaumu kwa mdomo upi? Nikamweleza habari ya shela, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nimekuwa bibi harusi!" Tukacheka sote. Mavyaa alilia kwa furaha, akampakulia wali mara mbili.

Alhamisi nikaifua ile kofia, nikaitia kanji, nikaivisha kwenye sufuria ikauke kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Na kwa mazoea mkono ukaanza kuhesabu. Ua la mbele, lile la juu ya paji la uso, lilikuwa na vitundu saba vinavyozunguka. Nikahesabu tena. Saba. Maua mengine yote vinane. Nafasi ya kile kimoja ilikuwepo, imeachwa, kitambaa kitupu.

"Fundi wako kakosea," nikamwambia.

"Wapi?"

Nikamwonesha. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. "Kweli," akasema. "Kakosea."

Mavyaa nilipomwonesha akasema mafundi wa siku hizi wana haraka. Lakini fundi yule hakuwa na haraka! Haraka ingeonekana kwenye uzi. Mtu asokotaye uzi vile, atoboe maua yote sawasawa, kisha akosee la mbele, linaloonekana kuliko yote? Halikunielea. Kila Alhamisi naifua, kila Alhamisi nakiona. Si mara moja nilishika sindano nikitoboe mwenyewe niondoe udhia, na si mara moja nikaiweka chini. Kwa nini niliiweka sijui. Niliona si kazi yangu kuimaliza.

Mume wangu alikuwa mwema, niseme kweli yake. Hakunipandishia sauti. Ila alikuwa na kimya kipya, kimya ambacho hakuwa nacho Unguja tulipoachana, na nikimwuliza husema, "Nafikiri tu." Mie nikadhani ni Unguja anayoifikiria. Sote tulikuwa tukiifikiria.

Kisha mwaka wa sabini mambo yakageuka, Sultani mpya akaita watu warudi kwao, na milango tuliyoililia ikawa wazi. Meli baada ya meli. Nilisimama sokoni nikasikia Kiswahili kila upande, nikacheka kwa hasira: kumbe tungengoja tu! Shela lote lile, vipimo vyote vile, machozi yote yale!

Mchana mmoja mume wangu akaja nyumbani saa ya kazi, akasimama kizingitini na viatu vyake. "Kuna wageni," akasema. "Wameshuka leo kutoka Mombasa."

"Wageni gani?"

"Mke wangu. Na mtoto."

"Mkeo mimi hapa!" nikamwambia. Nilisema kwa sauti mpaka mwenye nyumba akatoka. "Mkeo si mimi hapa?"

Mume wangu alikuwa anasogea pembeni, na nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke, mdogo kuliko mie, vumbi la safari usoni, mtoto wa kike amelala begani, mkono mwengine umejaa mabunda. Mavyaa akakaa chini alipokuwa. Mie nilisimama. Kuna maneno niliyostahili kuyasema, na mengine nimeyatunga baadaye, mazuri sana, makali. Lakini lililotoka ni hili tu:

"Ua la mbele uliruka kitundu."

Akainua macho. Yalikuwa yamechoka, na hayakukwepa.

"Najua," akasema. "Nilikiacha kusudi. Yeye aliniapia atakwambia, na mimi nikajua hatakwambia. Lakini nilijua nani ataifua kofia."

Sikujua kama ananitukana au ananiheshimu. Mtoto akageuza shingo, jua lilikuwa linampiga usoni. Nikampokea kutoka begani kwake, nikaingia naye ndani.